Makubadhi ya Kanda ya Saba

Siku waliyoitandaza Ramani ya Shemsa ukutani, mie nilikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, nikapiga makofi kama watu wengine. Viganja tu ndivyo vilivyopiga.

Ramani ya Shemsa! Ndivyo walivyoiita, wala hawakuona haya. Miaka kumi na mmoja nimetembea juu ya majabali ya Ras Jiwe, kila bamvua, maji yanapokupwa mbali, jua la utosi, visigino vimepasuka mpaka naona aibu kuvua viatu kwenye harusi za watu. Na jina lililoandikwa chini ya ramani ni la mtu anayekaa kwenye kiti kinachozunguka.

Shemsa Makame tumekua naye mlango kwa mlango. Alipanda jukwaani na gauni la kijani, akashukuru Mungu, akashukuru serikali, akawashukuru "wapimaji wetu wote". Wote! Jina langu lina herufi sita tu, na bado lilimshinda kulitamka.

"Kazija, mbona hushangilii?" akaniuliza mwenzangu wa pembeni.

"Nashangilia kwa ndani," nikamwambia.

Hebu nieleze kazi yetu, maana wapo wanaodhani tunaokota kombe. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Ukimya, mie bado msichana, hakuna chombo duniani kinachoruhusiwa kupiga sauti chini ya maji. Nguva walikuwa wakifa, nyangumi wakijitupa ufukoni kwa makelele ya mitambo, dunia ikakubaliana kwamba bahari iachwe inyamaze. Na kamera nazo hazioni kitu, kwa tope linaloshushwa na mafuriko ya bara kila mwaka. Basi sakafu ya bahari tunaisoma kutoka nchi kavu, kwa sababu mwamba hauishii pale maji yanapoanzia. Mpimaji anavaa makubadhi yenye nyayo zinazosikia. Ukikanyaga jiwe lililoshiba yanasikia hivi, ukikanyaga jiwe lenye uwazi chini yake yanasikia vile. Wewe kwa mdomo unaongeza unachokiona: ufa umeelekea wapi, mwani gani umeota, kombe gani kaganda. Yote yanakwenda kwa Mfuasi, mashine iliyoko ofisini, na yeye anazifuata zile tabaka za mwamba mpaka chini ya maji, kina cha pima thelathini, anachora: kijani ni majani ya nguva, nyekundu ni mapango ambamo chewa na kamba wanazalia, kijivu ni jiwe tupu lisilo na mwenyewe.

Mfuasi ana akili, lakini mlishe uongo, atakutapikia uongo uliopangika vizuri.

Nikaitazama ile ramani, sehemu kwa sehemu, mpaka nikafika Kanda ya Saba. Kijivu. Kanda nzima kijivu, na katikati yake umepita mstari mweusi, njia ya bomba litakalovuta maji ya bahari yakasafishwe chumvi. Mtambo wa kuchimba ungeanza Alhamisi, kwenye bamvua.

Kanda ya Saba ndiko yaliko mashimo ya mama yangu.

Sisi watoto wa wachokoaji pweza hatukanyagi paa la shimo. Ukikanyaga, pweza anasikia, anahama, na shimo likishahamwa linaweza kukaa miaka halina mtu. Tena ukikanyaga unawaonyesha wanaokutazama. Kwa hiyo unazunguka, na unazunguka ukiangalia pengine, kama mtu aliyedondosha sindano. Mama alikuwa na mashimo tisa, kayarithi kwa mama yake, na mie akanionyesha nikiwa na miaka saba, mkono wake umenifumba mdomo. Hata mume haambiwi.

Basi miaka kumi na mmoja, na makubadhi ya serikali miguuni, niliyazunguka yote tisa. Palepale penye uwazi, mashine haikusikia kitu, ikajaza pengo kwa jiwe la jirani. Ajabu ni kwamba haikuniuliza hata siku moja kwa nini napinda. Wenzangu wakipinda hata kwa dimbwi dogo wanaulizwa. Mie nikajisemea, mashine yenyewe jinga.

Nikajua hapohapo: chini ya ule mstari mweusi hapakuwa kijivu. Palikuwa pekundu, mapango matupu, mlango hadi mlango mpaka kwenye kina. Mtambo ungeyabomoa, na chewa wa Ras Jiwe wasingekuwa na pa kuzalia tena, na sisi tusingekuwa na cha kula.

Halafu nikakumbuka ramani ni ya nani. Siku chewa watakapoelea tumbo juu, jina litakalosomwa ni la Shemsa.

Mungu anisamehe, nikatabasamu.

*

Alikuja nyumbani Jumatatu, baada ya alasiri, peke yake, kashika kijifurushi cha tambuu. Kila akija lazima amletee mama tambuu. Na mama, ambaye mie nikimletea samaki anauliza mbona mdogo, akiona zile tambuu hucheka mpaka ufizi.

"Shikamoo, Mama Mafunda."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani. Kazija, mpe mwenzio chai. Ina chumvi, lakini siku hizi visima vyote ndivyo vilivyo."

"Bomba likija tutakunywa chai ya sukari, Mama."

"Inshallah. Nimesikia umetandikwa ukutani." Mama akatafuna, akanitupia jicho. "Chanda chema huvikwa pete. Na huyu wangu kavikwa makubadhi."

Nikamimina chai kwa nguvu mpaka ikamwagika sahanini. Tangu utoto ni hivihivi. Pwani nilikuwa namshinda Shemsa vibaya. Mie narudi na pweza wanne, watano, yeye anarudi na kikapu kina maji. "Huyu macho yake yako kitabuni," watu wakisema, na mie nikicheka nao. Mama peke yake hakucheka. Wakati mwingine alikuwa akimkatia mikono miwili ya pweza wangu, wangu mie, akampelekea kwao chini ya kawa. Nilikuwa nahesabu mikono ile, na sijasahau hata mmoja.

Shemsa akanywa chai yake ya chumvi yote, akaweka kikombe.

"Kazija, nina jambo la kazi. Jumatano natia kidole kwenye ramani, mtambo uruhusiwe kuchimba. Kanda ya Saba, uliikanyaga yote?"

"Kwani mashine yako inasemaje?"

"Mashine nimeshaisikia. Nakuuliza wewe."

"Mie ni mpimaji tu, mkubwa ni wewe. Unaniuliza nini mie?"

"Kazija." Akaniita taratibu, kama zamani akiniita dirishani. "Kama kuna neno la kuniambia, niambie leo. La kwako mwenyewe. Siwezi kukusemea."

Mama aliacha kutafuna. Nikaona Shemsa anavyonitazama, na kile kijicho chote nilichokilea miaka arubaini kikasimama wima. Nikajisemea, leo unanijia kwa upole kwa sababu unaogopa. Ogopa!

"Nimekanyaga yote," nikasema.

Akainuka. "Basi kama umesema." Akaaga, akavaa viatu vyake vya ofisi, akaenda zake. Mama akaitazama ile tambuu mkononi, hakuimalizia.

*

Jumatano saa mbili asubuhi nikaitwa ofisini. Bwana Pandu, msimamizi wa mradi wa maji, alikuwa anazunguka chumba kizima na shati limelowa jasho.

"Bi Kazija, afadhali umekuja. Shemsa kagoma."

"Kagoma nini?"

"Kutia kidole! Nimemuuliza sababu, hasemi. Nikamwuliza, ramani ina kosa? Kanyamaza. Nikamwambia, bila sababu huu ni utovu wa nidhamu na kiti chako kinakwenda. Kasema, 'Basi kiende.' Kaweka funguo mezani, katoka. Umeona mtu na akili zake!"

Nikakaa. Furaha ilinijia mbio, halafu ikasimama mlangoni, haikuingia. Kwa nini agome?

"Sheria inasema," akaendelea Bwana Pandu, "mkubwa akikataa, anaweza kutia kidole mpimaji aliyetembea kanda inayochimbwa. Kanda ya Saba ni yako. Watu wamepanga foleni ya maji tangu alfajiri, Bi Kazija, na mtambo unakuja kesho. Tia kidole hapo, na ramani inabadilishwa jina papo hapo."

Akageuza kioo cha meza kwangu. Chini kabisa pameandikwa, kwa herufi zinazongoja: *Ramani ya Kazija Haji.*

Nisiwe mnafiki. Nililisoma jina lile mara tatu. Lilikuwa zuri. Nikaliona ukutani, nikajiona mie na gauni la kijani, Shemsa safu ya nyuma karibu na choo. Kidole changu kilikuwa kimeshainuka.

"Kwanza ufungue kumbukumbu," akasema Bwana Pandu. "Ni lazima anayetia kidole azione nyayo. Ni desturi tu."

Kila kanda hutembewa na watu wawili, na hatuambiwi mwenzetu ni nani, tusije tukapatana. Anayetia kidole ndiye pekee anayeonyeshwa. Nikabonyeza. Nyayo zangu zikatokea rangi ya manjano, zimepita huku na huku Kanda nzima. Halafu zikaja za mtu wa pili, rangi ya buluu.

Nyayo za buluu zilikuwa zinapinda.

Nikadhani ni kivuli cha zangu. Nikasogeza uso. Hapana. Penye shimo la kwanza mtu huyu kazunguka kwa kulia, mie huzunguka kwa kushoto. Shimo la pili kazunguka. La tatu. Nikahesabu mpaka tisa. Hata lile la tisa tunaloliita Bibi, ambalo mdomo wake umefunikwa na mwani na huwezi kuliona mpaka uonyeshwe, kalikwepa kwa hatua nne, kama mtu anayempisha mkubwa wake njiani.

Ndiyo maana mashine haikuniuliza. Mtu mmoja akipinda Mfuasi anauliza. Watu wawili wakipinda mahali pamoja anasema hapo hapapitiki, anajaza, anaendelea.

Nikabonyeza jina. Mpimaji wa pili: Shemsa Makame Ussi. Mwaka wa kwanza, kabla hajapewa kiti.

"Vipi, Bi Kazija? Mbona umekuwa hivyo?"

Nilikuwa nimerudi nyuma miaka arubaini, mwaka ule mwani wa kuuza ulipooza wote, nyumba ya kina Shemsa wakinywa uji usio na sukari wiki tatu mfululizo. Kutoka mlangoni kwao mpaka shimo la kwanza la mama ni hatua mia mbili. Aliyajua. Aliyajua yote tisa, akapita pembeni na kikapu kina maji, akaniacha nimcheke. Na juzi sebuleni kwetu aliniomba niseme mwenyewe, kwa sababu shimo la mwenzio hulisemi hata ukishikiwa panga. Na leo kapoteza kiti, hajalisema.

Ningependa kusema nililia. Sikulia. Nilikasirika mpaka masikio yakanivuma. Hata kunyamaza, jamani, hata kunyamaza kanishinda! Mie nimenyamaza nimwangushe, yeye kanyamaza anistahi. Gere niliyoiona pale mezani haijawahi kunipata tena.

"Bwana Pandu, maji yanakupwa saa ngapi leo?"

"Saa nne na nusu. Kwa nini?"

"Kanda ya Saba haijapimwa."

"Haijapimwaje? Ina nyayo za watu wawili!"

"Wote wawili wamekwepa. Na mie mmoja wao, nilijua."

Akaketi chini polepole. "Unajua unachosema? Unanyang'anywa makubadhi. Na bomba likihamishwa, ni miezi minane watu wanakunywa chumvi. Nani atakwenda kuwaambia wale wa foleni?"

"Mie," nikasema. "Kwa leo niache nikatembee."

*

Nilipita nyumbani kwanza, maana mashimo si yangu peke yangu. Ramani hubandikwa hadharani. Yakishaingia mekundu, kila mwenye chuma na kikapu atajua pa kwenda.

Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamwambia yote, na uongo wangu nikauweka mbele. Akasikiliza, mkono ukiendelea na mchele.

"Unataka kuyakanyaga."

"Ndiyo, Mama."

"Yote?"

"Yote tisa."

Akapuliza makapi. "Na wa pili aliyezunguka ni nani?"

"Shemsa."

"Si ndiyo." Wala hakushtuka. "Nilimwona anazunguka tangu ana miaka tisa. Kanifuata siku moja, kajificha nyuma ya jabali, kaona mpaka la mwisho. Nikasema, kesho nakuja nayakuta matupu. Nikaja kesho, nikaja mwezi, nikaja mwaka. Mtoto ana njaa, anapita pembeni." Akaniinulia macho. "Wewe ulidhani nampendea tambuu?"

Mikono yote ile ya pweza niliyokuwa nahesabu ikanirudi, mmoja mmoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungemsamehe kuwa na kikapu kitupu? Ulikuwa unakipenda kile kikapu kitupu kuliko pweza wako." Akarudi kwenye mchele. "Haya nenda, maji hayakungoji. Ufunge hizo kamba vizuri, usije ukateleza ukavunja kiuno na aibu juu."

*

Maji yalikuwa yamekupwa sana, jabali lote liko nje, linameta. Nikafunga makubadhi, nikaenda moja kwa moja shimo la kwanza, nikasimama ukingoni. Mguu ulikataa. Nikaukemea kama punda. Halafu nikapiga kisigino.

Jiwe likaitika chini kwa chini, sauti ya mtungi mtupu. Nikapiga tena, nikasema kwa mdomo kama inavyotakiwa: uwazi, mdomo unaelekea mashariki, kina hakijulikani. Pweza akatoka. Akageuka mweupe, akageuka wa rangi ya jiwe, akateremka kwenye ufa akaelekea majini. Maisha yangu yote ndiyo mara ya kwanza kumfukuza pweza mlangoni kwa mama yangu. Nikaenda la pili.

Nilipomaliza la tisa nikarudi penye la kwanza, nikaona mtu anakuja kutoka ufukoni, gauni kalikunja mpaka magotini. Bwana Pandu alikuwa kampigia simu, maana nyayo za mtu mmoja hazikubaliki. Shemsa alikuwa kavaa makubadhi yake ya mwaka wa kwanza, kamba moja imeungwa kwa uzi wa nyavu.

Hakuniamkia. Alikwenda mpaka ukingoni mwa shimo la kwanza, akasimama hapo, miguu pamoja.

"Hodi, Kazija," akasema.

Ufa ulikuwa bado unavuta povu pale alipotokea yule pweza. Niliona kila kitu kitakavyokuwa. Kanda itakuwa nyekundu. Kiti watamrudishia, maana kugoma kwake ndiko kulikookoa mapango, na ramani itabaki ya Shemsa. Mie jioni nitasimama mbele ya foleni ya ndoo niwaambie watu miezi minane, kwa sababu yangu.

"Hodi," akasema mara ya pili.

Mgeni akipiga hodi ya tatu asijibiwe, anaondoka. Na Shemsa angeondoka, namjua sasa. Angefunga mdomo, angeacha zile nyayo zangu ziwe za mtu mmoja, zisizofaa kitu, na asingemwambia mtu kwa nini. Nilitamani aondoke. Nasema kweli, nilitamani kwa roho yangu yote.

"Hodi, Kazija."

"Karibu," nikasema, na neno lenyewe lilinikwaruza. "Na upige kwa kisigino. Usikanyage kama mtu wa ofisini."

Akakanyaga.